German Shepherd wa miezi 9 anatushinda jamani, nisaidieni

Mama Neema (Kinyerezi):
Habari za jioni wakuu. Nina German Shepherd dume, tulimchukua ana wiki 8 kwa ajili ya watoto na ulinzi kidogo. Watoto wanampenda sana ila sasa kawa mkubwa ni balaa, akimuona Neema wa miaka 4 anamrukia mpaka mtoto chini, kandambili zote za barazani kamaliza, tuta langu la mchicha kalifukua lote. Mchana tunamfunga mnyororo sababu watu wanaingia na kutoka, usiku ndo tunamfungulia. Baba yao anasema tumgawe, mimi roho inaniuma maana mbwa mwenyewe wala sio mkali. Nifanyeje?

chalii_wa_sakina:
Pole dada. Tatizo ni huo mnyororo. Hiyo mbegu Wajerumani waliikuza kwa kuchunga kondoo, wa kwanza kusajiliwa ilikuwa 1899, huyo ni mbwa wa kutembea kutwa sasa umfunge kuanzia asubuhi halafu jioni atulie, haiwezekani. Wa kwangu nilimfunga hivyohivyo akawa anazunguka mti mpaka nyasi zikaisha, anabweka hata upepo. Nikatoa mnyororo nikamwekea uzio wa wavu nyuma ya nyumba, saa 11 na nusu alfajiri natoka nae dakika 40, jua likizama tena. Kwa joto la Dar mchana usithubutu, weka mgongo wa mkono kwenye lami, ukikuunguza wewe na nyayo zake zinaungua. Na asije mtu akakwambia umnyoe, manyoya yale yanamkinga na jua.

wa_Ruaka:
Kutembea pekee haitoshi, huyo anataka kazi ya akili. Chakula usimwekee kwa sahani kila siku, mwagia dagaa kwa nyasi atafute na pua, dakika 15 hivi utaona amelala. Akiruka mgeuzie mgongo, usimsukume na usipige kelele, yeye anaona ni mchezo. Miguu yote 4 ikiwa chini ndio apate dagaa. Na nyumba yote ifanye hivyo mpaka dada wa kazi, mmoja akimruhusu mmerudi mwanzo. Mtoto wa miaka 4 usimwache na yeye peke yao, hata akuwe mpole aje.

dokta_mifugo:
Naongezea tu, miezi 9 mifupa bado inakua na hii mbegu inasumbuliwa na nyonga, kwa hiyo msimkimbize na baiskeli wala bodaboda. Kichaa cha mbwa achanjwe kila mwaka. Mkirudi matembezini mkague kupe masikioni na katikati ya vidole, siku akigoma kula na fizi zimepauka mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Mama Neema:
Mungu awabariki. Leo nimemwaga dagaa kwenye nyasi, kanusa robo saa nzima halafu kalala barazani miguuni kwa Neema, baba yao kakaa anaangalia tu hajasema kitu. @chalii wavu wako futi ngapi?

chalii_wa_sakina:
Futi 6 kwenda juu, na chini fukia futi 1, maana atachimba.