Nawezaje kutoa radula ya konokono bila kuichana?

fundi_maabara: Wakuu, nahitaji slaidi ya radula (utepe wa meno madogo mdomoni mwa konokono) kwa somo la moluska. Konokono wakubwa wa bustanini wapo tele, chaza pia. Hadubini yangu inakuza ×40 hadi ×400. Nianze na yupi, na nyama naiondoaje?

kombe_tupu: Chaza mwache, hana radula. Moluska wote wa makombe mawili hawana. Wengi wao huchuja chakula kwa matamvua. Chukua konokono, mgandishe kwenye friza usiku kucha, kisha mwache ayeyuke. Glavu ni lazima: konokono hao hubeba minyoo inayoweza kufika kwenye ubongo wa binadamu.

Pasua ngozi ya kichwa kwa juu, kuanzia mdomoni kwenda nyuma. Utakuta bonge gumu la misuli, radula imo humo. Likate pamoja na kipande cha umio, lakini uangalie kifuko kidogo kinachochomoza nyuma, chini ya umio. Ndimo meno mapya yanamoota. Ukikikata, utapata utepe nusu.

Ukishalitoa bonge, weka kisu chini. Kostiki soda gramu 10, maji mililita 100, zamisha hadi kesho yake. Nyama itayeyuka, radula itabaki kwa kuwa ni ya kitini, dutu ngumu kama ya ganda la wadudu. Dawa ya kung'arishia nguo usiiguse, inaharibu hata kitini.

sindano: Soda ndiyo iingie kwenye maji, siyo maji kwenye soda. Tumia chombo cha kioo. Alumini italika na kutoa haidrojeni. Na magadi hayatoshi, ni dhaifu mno.

fundi_maabara: Vimebaki vipande viwili. Kimoja cha kahawia, kigumu, kimepinda kama mwezi mwandamo. Ndiyo yenyewe?

kombe_tupu: Hiyo ni taya ya juu. Jani hukandamizwa hapo, radula inakwangua kutokea chini. Yako ni ule utando mwembamba unaong'aa. Usuuze kwa maji mara tatu au nne, utandaze ungali umelowa kwa brashi laini, tone la gliserini, funika. Ukikauka umejikunja, usiulazimishe, utapasuka. Urudishe majini kwanza.

sindano: Punguza mwanga, meno yanapitisha nuru na mwanga mkali unayafuta. Katikati ya kila safu kuna kijino chembamba, rahisi kukiruka. Linganisha ncha mbili: meno ya mbele yamelika, ya nyuma bado makali. Usipoona meno kabisa, huenda umeulaza kifudifudi.