Mwanamke hatari katika filamu za zamani za uhalifu

Swali: Ndugu zangu, nimetazama Double Indemnity ya mwaka 1944, na ninajiuliza kwa nini Barbara Stanwyck, anayemshawishi wakala wa bima amsaidie kumuua mumewe, ananitisha kuliko jambazi yeyote mwenye bastola.

Jibu la kwanza: Kinachotisha ni utulivu wake. Mumewe anapouawa garini, kamera haituonyeshi mauaji yenyewe, bali inabaki kwenye uso wa mwanamke aliyeshika usukani, naye anaendelea kutazama mbele. Kanuni za maadili za Hollywood, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali mwaka 1934, zilizuia ukatili wa waziwazi, kwa hiyo uovu ukahamia usoni. (Lile wigi la rangi ya dhahabu, kusema kweli, halimpendezi.)

Jibu la pili: Kanuni hizohizo zilidai mwovu aadhibiwe kabla filamu haijaisha. Hata hivyo, adhabu hiyo husahaulika upesi: katika Out of the Past ya mwaka 1947, ninachomkumbukia Jane Greer ni jinsi anavyowatazama wanaume wawili wakipigana ngumi, kisha, bila kuombwa na yeyote, anampiga mmoja wao risasi.

Muulizaji: Nashukuru. Hiyo nitaitazama leo usiku.