Dripu ya mafuta kwa sumu na dawa iliyozidi: kila kituo cha afya kilazimishwe kuwa nayo?

Mleta mada (tabibu, Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Kwenye kikao chetu cha watumishi limeletwa pendekezo: kila kituo cha afya chenye chumba cha upasuaji kilazimike kuweka dripu ya mafuta, ile nyeupe kama maziwa wanayotundikiwa wagonjwa wasioweza kula, itumike pia kwa aliyezidishiwa dawa au aliyekunywa sumu. Kikao kiligawanyika. Mimi nilipinga, na hoja yangu naileta hapa muipime.

Dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Mwaka 1998 Guy Weinberg na wenzake wa Chicago walionyesha kwamba panya waliopewa ganzi ya bupivakaini kupita kiasi walistahimili zaidi wakipewa mafuta haya. Mwaka 2006 ikaripotiwa kwa binadamu, New York: mgonjwa alichomwa ganzi ya bega, moyo ukasimama, akapewa Intralipid, ambayo ni aina mojawapo ya mafuta haya, moyo ukarudi. Mafuta yanaiondoa ganzi kwenye moyo na ubongo, damu inaipeleka kwenye misuli na ini. Wataalamu wa sumu wa nchi mbalimbali walipotoa mwongozo wao mwaka 2016, waliipendekeza kwa moyo uliosimamishwa na bupivakaini. Kwa sumu nyingine nyingi waliona ushahidi hautoshi.

Sasa sisi huku tunaletewa nani? Nawapa mmoja. Kijana ametoka shambani kwenye zabibu, kiu imemshika, akakuta chupa ya maji kivulini akapiga mafunda mawili. Kumbe ni dawa ya wadudu. Alipofika kwetu mboni zilikuwa kama ncha ya sindano, mate yanachuruzika, kifua kinakoroma. Kwa sumu ile unachoma atropini, na kifua kisipokauka unaongeza dozi maradufu kila baada ya dakika tano. Atropini ikatuishia kwenye dozi ya tatu. Baba yake akapanda bodaboda kwenda kutafuta kwenye maduka ya dawa, sisi tukabaki tunavuta makohozi kwa mashine na kuangalia mlango. Kijana alipona, lakini zile dakika za kusubiri sijazisahau mpaka leo.

Fedha ya chupa moja ya mafuta inanunua ampuli nyingi za atropini. Ndiyo maana nasema hapana. Nawasilisha.

Mchangiaji (mtaalamu wa usingizi, Mpwapwa)

Dokta, pole kwa ya huyo kijana. Hapo uko sahihi. Ila umezungumzia mlango wa mapokezi, mimi nipo ndani, kwenye meza ya upasuaji.

Ganzi ya mgongo kwa mama wa upasuaji hainitishi, ni mililita mbili hivi tu. Kinachonitisha ni ganzi ya kuzungushia kidonda. Mama ana kilo 45. Kikomo chake cha bupivakaini ni miligramu 2 kwa kilo, yaani 90. Kichupa cha mililita 20 cha asilimia 0.5 kina miligramu 100. Mtu akikivuta chote bila kupiga hesabu, ameshapita. Mgonjwa anakwambia, "Dada, mdomoni nasikia ladha ya chuma," masikio yanavuma, mara degedege. Moyo ukisimama hapo, rufaa ya zaidi ya kilomita 100 kwenda Dodoma mjini itamsaidia nini?

Mchangiaji (mkulima, Hombolo)

Mimi si mtaalamu. Naomba tu mkumbuke kwamba dawa tunauziwa za kupimiwa, mkulima anaondoka nayo kwenye chupa ya maji au ya soda. Hilo nalo liwekwe kwenye huo mjadala wenu, maana watoto wanakunywa.

Mleta mada

Mzee wangu wa Hombolo, ahsante. Nitalipeleka kikaoni kama lilivyo.

Dada wa Mpwapwa, umenirudisha nyuma na nakubali. Panapochomwa ganzi ya kiasi kikubwa, mafuta yawepo. Basi yawepo kweli, si chupa moja ya kuonyesha wakaguzi. Mgonjwa wa kilo 60 anaanza na mililita 90, kisha 15 kila dakika. Chupa ya mililita 250 inakwisha dakika kumi baadaye, kwa hiyo ziwe mbili, na hesabu ibandikwe ukutani ili asiwepo wa kuanza kukokotoa huku mwenzake anakandamiza kifua. Damu ya vipimo ichukuliwe kabla, kwa sababu ikishachanganyika na mafuta majibu yanaharibika. Na tafadhali, asitokee wa kuchukua propofoli, dawa ya usingizi, eti nayo ni nyeupe. Mafuta yake ni kidogo, na inadidimiza huo huo moyo tunaoutafuta.

Kwenye sumu za shambani sijabadilika. Sharti langu la kikaoni litakuwa hili: hakuna kununua mafuta kabla kabati la dharura halijajaa atropini.

Kuna jambo moja bado linanisumbua. Chupa hizi hutakiwa kukaa chini ya nyuzi joto 25, na stoo yetu haina kiyoyozi. Mwezi wa kumi na moja ukiingia mchana unatoka umelowa jasho. Mnaotunza stoo Bahi, Kongwa, Manyoni, mnazihifadhi wapi?