Balbu za waifai za bei poa: boksi linaficha, ruta inakataa, lawama anabebeshwa mnunuzi

Wakuu, naomba nitoe dukuduku langu kuhusu hizi balbu za waifai, zile za kuwasha na kuzima kwa simu, na kama humu yumo mtengenezaji au muuzaji wake, akae asome mpaka mwisho.

Hivi ni nani aliyeamua kwamba jambo muhimu kuliko yote kuhusu hizi balbu liandikwe kwenye kikaratasi cha ndani, kwa herufi za kusoma kwa kurunzi? Mbele ya boksi wameweka rangi milioni 16, wameweka picha ya sebule ya zambarau, wameandika kwa maandishi manene kuwa inatumia waifai. Waifai ipi? Hapo wako kimya. Mpaka ukunjue kile kikaratasi, upite maonyo ya watoto na maji, ndipo unakutana nayo kwenye kona: gigahezi 2.4 tu, yaani bendi (masafa) moja kati ya zile ambazo ruta nyingi hurusha, nyingine ikiwa ya 5.

Sina ugomvi na 2.4. Chipu ya bendi moja ni nafuu, na mawimbi yake yanapenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5. Taa inasubiri amri ya kuwaka na kuzima, kasi yote ile ya nini? Ugomvi wangu ni kwamba ruta nyingi za siku hizi zinatoka kiwandani bendi zote zikiwa chini ya jina moja, na simu ikiwa karibu na ruta inakimbilia 5. Halafu programu ya balbu inaniambia nihakikishe simu yangu iko kwenye mtandao wa 2.4. Nihakikishe vipi, na jina ninaloliona ni moja?

Kinachotokea hapo, ambacho hawakuelezi, ni hiki. Balbu ikiwa inapepesa harakaharaka, kwa nyingi za aina hii maana yake inasikiliza. Simu inarusha hewani jina la mtandao na nenosiri kwa mafumbo, na balbu inatakiwa kuyadaka. Sasa simu ikiwa kwenye gigahezi 5, inaongea mahali ambapo balbu haisikii kabisa. Wewe unaona tu lile duara kwenye skrini linapanda, linapanda, linakaribia mwisho, linaganda. Kisha: "Imeshindikana kuunganisha. Hakikisha ruta imewashwa." Ruta imewashwa! Ningepakuaje hiyo programu yenu?

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Nikawapa kila kitu: ruta inatumia usalama gani, chaneli gani (ile njia ndogo ndani ya bendi), simu ni toleo lipi. Jibu: "Ndugu mteja, tafadhali zima balbu kisha uiwashe tena." Nikarudi na maelezo marefu zaidi. Jibu: "Ndugu mteja, wasiliana na mtoa huduma wako wa intaneti." Mtoa huduma naye ananiuliza kama simu inapata mtandao. Inapata. "Basi tatizo si letu." Yaani mmenigeuza mpira, kila mmoja ananipiga kuelekea kwa mwenzake.

Ikabidi nijifunze mwenyewe kazi ambayo wao wamelipwa kuifanya. Kwa aliyekwama, nayaweka hapa ili usikeshe. Ingia kwenye mipangilio ya ruta uzitenganishe bendi, kila moja na jina lake, uunganishe balbu kwenye ile ya 2.4. Ruta isipokuruhusu (na zile tunazopewa na watoa huduma mara nyingi zimefungwa), tafuta kama ina mtandao wa wageni unaoweza kuwekwa 2.4 peke yake. Ikishindikana hata hapo, iweke balbu kwenye hali ya kupepesa polepole. Hapo yenyewe inafungua kimtandao chake, simu inajiunga nacho na kuikabidhi nenosiri moja kwa moja. Ila zima data ya simu kwanza, maana simu ikigundua kimtandao cha balbu hakina intaneti inahama kimyakimya, na wewe unabaki unalaumu balbu. Na kama umewasha VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine), izime pia. Kwenye Android, programu ikikuomba ruhusa ya mahali ulipo, ujue bila hiyo mara nyingi haiwezi hata kuona mitandao iliyo karibu. Hilo nalo hawalielezi, wanaomba tu kama wapelelezi.

Bado unakataliwa? Angalia usalama wa ruta. Ikiwa kwenye WPA3 (mfumo mpya wa kulinda waifai kwa nenosiri) peke yake, balbu nyingi za bei hii zinagoma. Iweke WPA2, ule wa kabla yake. Ile hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3 ingetakiwa kutosha, lakini zipo balbu zinazokwama hata hapo. Angalia na chaneli: ruta ikiachwa ijichagulie inaweza kwenda 12 au 13, na balbu iliyopangwa kwa soko la Marekani haizisikii hizo. Weka chaneli 1, 6 au 11, na upana wa chaneli megahezi 20. Hakuna hata moja kati ya haya iliyotajwa kwenye kikaratasi chao. Hata moja!

Tuseme imeunganika. Furahi kidogo tu. Mgeni anaingia, anazima swichi ya ukutani kama binadamu yeyote mwenye akili timamu, na balbu inatoweka kwenye mtandao. Umeme ukikatika usiku na kurudi saa tisa, balbu zote zinawaka nyeupe pee, kwa mwanga wake wote, juu ya uso wako, kwa sababu hivyo ndivyo zilivyotoka kiwandani. Baadhi zina sehemu ya kuchagua zirudi katika hali ziliyokuwa nayo, imefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Za bei ya chini kabisa hazina. Lakini lililonitoa machozi ya hasira ni hili: njia ya kuifuta balbu kumbukumbu yake, ianze upya kama mpya, ni kuizima na kuiwasha mara kadhaa mfululizo. Sasa umeme ukicheza, ukikatika na kurudi, kukatika na kurudi, balbu inadhani ni wewe unaifuta. Inasahau mtandao wako, inaanza kupepesa upya. Mhandisi aliyebuni hilo anaishi dunia gani?

Na kuna hili ambalo watu wanalichukulia poa. Intaneti ikikatika, nyingi hazitii programu hata kama simu, ruta na balbu vyote viko chumba kimoja na waifai iko hewani. Amri ya kuwasha taa iliyo juu ya kichwa changu inasafiri mpaka kwenye seva ya mtu nje ya nchi, halafu inarudi. Seva ikifungwa je? Si hadithi. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya Marekani ya vifaa vya nyumbani, zilizimwa ghafla bila wateja kuambiwa, na programu zao zikawa pambo. Hao angalau vifaa vyao viliweza kuongea vyenyewe kwa vyenyewe, na baadaye mwaka huohuo kundi la wateja likainunua kampuni. Nani atainunua hii yangu, ambayo jina lake kwenye boksi ni tofauti na jina la programu, na la programu ni tofauti na la aliyenitumia zile "Ndugu mteja"?

Msiniambie nisubiri Matter, ile lugha ya pamoja ya vifaa vya nyumbani vya kampuni mbalimbali. Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2022, na ni kweli linaruhusu vifaa kuamrishwa humohumo nyumbani bila kupitia nje. Lakini balbu za Matter zinazotumia waifai nazo kwa kawaida ni zilezile za 2.4, na mtumaji amri bado anahitaji kifaa au programu inayoielewa Matter. Boksi litasema hayo? Thubutu.

Ninachotaka si kikubwa. Mbele ya boksi, kwa ukubwa uleule wa hizo rangi milioni 16, andikeni: "2.4 tu. Haikubali WPA3 peke yake. Bila intaneti, programu haifanyi kazi." Mtu asome, aamue mwenyewe kama anaitaka.

Mwenye balbu ya bei hiihii inayotii simu huku intaneti imekatika, aitaje hapa pamoja na aina ya ruta anayotumia. Wauzaji wa "njoo pembeni tuongee", mnipite mbali.