Mwanajeshi aruhusiwe kuwa mbunge?

Mwana Katuba: Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 108, inamkataza mwanajeshi kuwa mbunge. Naona tunajinyima. Roger Keyes, admirali Mwingereza aliyeongoza shambulio la Zeebrugge mwaka 1918, alikuja kuwa mbunge wa Portsmouth. Tarehe 7 Mei 1940 aliingia bungeni na gwanda, medali kifuani, akamkemea Chamberlain, waziri mkuu na mkubwa wa chama chake mwenyewe, kwa namna alivyoendesha vita vya Norway. Siku tatu baadaye Chamberlain akajiuzulu. Nani kwetu amethubutu hivyo?

Mama Kamalondo: Mwanangu, wewe hujabeba makala ya kupikia. Wiki jana kwenye kizuizi askari aliweka tu mkono juu ya gunia langu. Hakusema neno. Nikafungua kitambaa, nikatoa pesa. Huyo akisimama bungeni, nani atampinga?

Mwana Katuba: Mama, pole. Lakini Keyes alisema wazi amekuja kuwasemea mabaharia.

Mzee Kampemba: Kijana ana haki. Mfalme Leopold III wa Ubelgiji aliposalimu amri tarehe 28 Mei 1940, wakamwita msaliti, Keyes ndiye aliyemtetea, mpaka akalishtaki gazeti. Sisi wa Elisabethville, mji uliopewa jina la mama yake mfalme huyo, tunajua uzito wa jambo hilo.

Mjukuu wa Mgodi: Elisabethville gani, mzee? Hapa ni Lubumbashi! Desemba 1941 wafanyakazi wa shaba walipigwa risasi hapa hapa, kiwanjani, kwa kudai mshahara. Nani aliwatetea hao?

Mzee Kampemba: Jina hilo limeandikwa kwenye cheti changu cha kuzaliwa. Unataka nikichane? Kilio cha 1941 nilikisikia kwa mama yangu, wewe umekisoma.

Mjukuu wa Mgodi: Shikamoo, mzee, sikukutukana wewe. Ila jina la malkia wao siliiti langu.

Mzee Kampemba: Umenitukana, na mbele ya watu.

Mama Kamalondo: Baba, cheti ni chako, kitunze. Lakini waliofyatua risasi pale kiwanjani walikuwa nani? Wenye gwanda. Ndilo nililosema tangu mwanzo, mkaniambia pole.

Mwana Katuba: Mama, wale walitumwa. Keyes alisimama kwa ajili ya waliotumwa vibaya.

Mama Kamalondo: Na aliyeshika gunia langu, alitumwa na nani?