Insha yangu mhadhiri anasema ni hadithi, hadithi yangu anasema ni insha

BintiKitangari

Habari za jioni wadau, wakubwa shikamooni.

Niko mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Mtwara mjini, nasomea ualimu wa Kiswahili. Semista hii tuna kozi ya uandishi: kwanza insha ya hoja, kisha hadithi fupi. Nimechagua mada moja kwa zote mbili, kangomba, yaani kuuzia walanguzi korosho kinyemela, maana nimekulia kwenye korosho na bibi yangu wa Newala aliwahi kuuza hivyo: usiku, kwa kipimo badala ya mzani, msimu haujafunguliwa, ili mjomba apate ada.

Insha imerudi na kalamu nyekundu pembeni: "Hii ni hadithi, hoja iko wapi?" Hadithi nayo ikarudi: "Hii ni insha, mhusika yuko wapi?" Bwenini wamenicheka mpaka basi.

Insha inaanza: "Bibi alifunga gunia la mwisho, akatazama mlangoni." Hadithi inaanza: "Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008 ili kumkomboa mkulima na walanguzi." (Kwa msiolijua hilo: mkulima anapeleka mzigo ghalani, anapewa stakabadhi, mzigo unauzwa mnadani ndipo analipwa.) Nimejaribu kuhamisha mwanzo wa huku kwenda kule, bado hazikai.

Na kwenye insha tumekatazwa kutumia "mimi". Je, na bibi nimtoe? Wiki ijayo nakabidhi upya. Msinitupe.

Msimbati_Pwani

Dada usijitese. Utangulizi, kiini, hitimisho. Kila aya weka "aidha" na "hata hivyo", mwalimu apate pa kutia vema. Kwenye hadithi ua mtu mwishoni. Mimi nilipata B hivyo hivyo, na sasa nauza spea za pikipiki, hakuna mteja aliyewahi kuniuliza msuko wa hadithi.

MwalimuMtama

Marahaba mwanangu. Huyo wa Msimbati mwache na spea zake.

Nimesahihisha insha Lindi mpaka nikastaafu. Shida yako haiko kwenye mianzo. Kwenye insha mwenye kauli ni wewe, na kauli yenyewe hujaitoa. Ukisema walanguzi ni wabaya hujasema kitu, hata mlanguzi atakubali. Sema jambo ambalo mtu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, akilisoma atakunja uso. Kwa mfano: mkulima haendi kangomba kwa kutojua bei. Bei anaijua. Anakwenda kwa sababu hela ya ghalani inangoja mnada, na ada haingoji mnada. Hapo una hoja. Sasa msikilize na mpinzani wako kwa haki: kwamba mnada unawashindanisha wanunuzi, kwamba bila ghala kila mkulima angepangiwa bei peke yake uani kwake. Umjibu. Halafu kafukue magazeti ya 2018, serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba mizigo, na kukawa na uhakiki wa kumtenganisha mwenye shamba na mwenye kangomba. Ushahidi wako umejaa humo.

Bibi usimtoe. Aje kama shahidi, aseme sentensi mbili, aondoke.

La "mimi" litii, alama ziko mkononi mwake. Ila lisikukae kichwani. Montaigne, Mfaransa aliyechapisha insha zake 1580, alijiandika mwenyewe mwanzo mpaka mwisho. Katazo la darasani lipo ili mtu asiandike "mimi naona" mahali pa ushahidi, na kwa hilo tu nalikubali.

Tuje kwenye hadithi. Futa 2007. Futa stakabadhi ghalani yote. Usiku ule nyumbani kwa bibi hakuna aliyekuwa anautaja mfumo. Sheria iingie kwa mlio wa pikipiki huko barabarani. Nadhani umeandika kitu kama "Bibi aliogopa sana kukamatwa na vyombo vya dola". Mimi ningeandika: "Pikipiki ilipopunguza mwendo, bibi alikalia gunia." Mtu mzima amekalia gunia la korosho, zinamuumiza, naye kachukua ukili anajifanya anasuka gizani. Msomaji hana haja ya kuambiwa kingine.

Usiku mmoja unatosha. Edgar Allan Poe alishadai mwaka 1842 kwamba hadithi ya namna hii iishe kusomwa kabla mtu hajainuka kitini, kwa hiyo usituanzie mjomba darasa la kwanza. Anza kipimo kikiwa kimeshawekwa chini. Na huyo mnunuzi usimfanye shetani. Awe kijana wa jirani, anayempa bibi shikamoo kabla ya kumpunja.

Kaskazi_Mikindani

Mwalimu kasema vizuri ila hapo pa kumkunjisha mtu uso naona anakufundisha makala ya gazeti. Chuoni kuna mwongozo wa kusahihishia. Wengi wanataka dai lionekane mapema, aya ya kwanza, na rejea zikae sawa. Andika dai kwa sentensi moja, mpelekee mhadhiri ofisini kabla hujaendelea. Akilikataa, umepoteza sentensi moja tu.

BintiKitangari

Asanteni sana. Mwalimu, hilo la shikamoo limeniuma, maana yule kijana ni ndugu yetu kabisa na mpaka leo anakuja Idi.

Kaskazi, nimefanya ulivyosema. Dai: "Kangomba haitaisha kwa kukamata watu mpaka mkulima alipwe sehemu ya hela siku anayofikisha mzigo ghalani." Mhadhiri kalisoma, kasema "hapa pana ubishi, endelea".

Limebaki moja. Bibi anaongea Kimakonde zaidi. Mwenzangu anashauri niandike Kimakonde chote na tafsiri kwenye mabano.

MwalimuMtama

Mabano hapana. Aongee Kiswahili cha nyumbani, Kimakonde kimtoke anapokasirika tu, na jibu la mnunuzi ndilo litakaloonyesha alichoambiwa.

Kuhusu dai, mhadhiri wako kasema kweli, ubishi upo, tena mkubwa kuliko unavyodhani. Malipo ya mafungu yalishawahi kuwepo huku kwetu. Aprili 2013 Liwale kulizuka vurugu, nyumba zikachomwa, kwa sababu fungu la pili lilikuja pungufu kuliko wakulima walivyotarajia. Usiiruke Liwale, itaje mwenyewe kabla hajakutajia, kisha useme safari hii hela ya fungu la kwanza itatoka wapi na riba ya benki atailipa nani.

Na hiyo hadithi usiibandike hapa kabla hujaikabidhi. Zile programu za kukagua wizi wa maandishi zitasema umejiibia.