Mke ana mimba na kitoweo chetu ni papa mkavu. Hii zebaki niiogope?

Karafuu Mbichi (Wete)
Assalamu alaykum wanajamvi. Mke wangu ana mimba ya miezi 4 na kila kitu kinamtapisha isipokuwa muhogo wa nazi na papa mkavu. Mkwe wangu anatuletea kutoka Msuka, basi wiki nzima ni papa. Jana shemeji yangu wa Unguja katuma sauti kwenye kundi la familia, eti papa ana zebaki, madini ya sumu, inayoharibu ubongo wa mtoto tumboni. Usingizi umeniruka. Sisi tunamroweka usiku kucha, tunamwaga maji mara mbili, ndio tunachemsha. Si itakuwa imeshatoka? Na hii ndiyo iliyoua watu Kisiwa Panza?

Mchuuzi wa Malindi
Wanataka kutuharibia biashara tu hawa. Babu yangu kala papa mpaka kafika miaka 90. Mwache mama ale.

Nesi Mstaafu
Mchuuzi, babu yako hakuwa na mimba.

Mwanangu Karafuu, ya Panza iweke mbali. Ile ya Machi 2024 ilikuwa nyama ya kasa, na sumu yake haimngoji mtu. Zebaki haina haraka. Inatoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, machimbo ya dhahabu, hata volkano, inaangukia baharini, vijidudu vinaigeuza iwe sumu zaidi, kisha inaingia kwa samaki. Mdogo analiwa na mkubwa, mkubwa analiwa na papa, na papa anaishi miaka mingi. Ghala ni yeye.

Kuroweka kunatoa chumvi. Zebaki imeshikana na nyama yenyewe, haitoki kwa maji wala kwa moto. Tena akikaushwa yanayoondoka ni maji, zebaki inabaki, kwa hiyo kipande kikavu kinayo nyingi kuliko kibichi cha uzito uleule.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa ulipogunduliwa 1956, kiwanda kilikuwa kikimwaga zebaki baharini, na watu wakila samaki wa humo. Walikuwepo mama waliozaa watoto wenye ulemavu wa ubongo, na wao wenyewe hawakuonekana wagonjwa sana. Pemba hatuna kiwanda kama kile, usipaparike. Lakini papa na nduaro, yule mkubwa mwenye mdomo kama mkuki, mkeo awaache mpaka amalize kunyonyesha.

Karafuu Mbichi
Na aliokwisha kula, bibi?

Nesi Mstaafu
Mwili unaitoa polepole, nusu yake kwa siku 50 hadi 70 hivi. Aache leo, na kliniki awaambie. Ila samaki asimwache! Dagaa, vibua, tasi, mara 2 au 3 kwa wiki. Ubongo wa mtoto unataka mafuta ya samaki.

Ukuti wa Chake
Mtazame na krimu anazopaka. Baadhi ya hizi za kujichubua zina zebaki, na watu wanamlaumu papa peke yake.

Mchuuzi wa Malindi
Haya, na jodari?

Nesi Mstaafu
Yule mkubwa, mja mzito asimzidishe. Wewe uza, wanaume wapo.

Karafuu Mbichi
Ahsanteni. Nimempigia mkwe, kakubali: papa atamla mwenyewe, sisi atatuletea tasi. Imebaki kumwambia mke, na sasa hivi namsikia jikoni anakuna nazi.